Mita Iliyorukwa

Ukumbi wa idara ya maji ulifurika watu wenye malalamiko, na katika kusukumana, mhandisi mmoja mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi akakanyaga buti la msoma mita.

"Samahani, dada."

"Jionee huruma mwenyewe, hilo buti lina chuma," akacheka binti, ovaroli lake la kijani limelowa hadi magotini.

Kicheko kile kilimmaliza mhandisi. Kwa miezi mitatu hawakulala bila kupigiana simu. Mhandisi ndiye aliyetengeneza akili bandia iliyogawa maji ya mji na kuamua mtaa upi ufungiwe. "Programu yangu haina upendeleo, mpenzi," alijigamba. Binti akamsifia kwa mama yake, ambaye bomba lake lilikuwa kavu wiki ya tatu.

Asubuhi moja binti akatumwa kusoma mita ya jengo alimofanyia kazi mpenzi wake. Alipofuta kioo akaduwaa: tarakimu zilikuwa zinakimbia. Akampigia pale pale.

"Laazizi, humo ndani mnafulia mji mzima?"

"Ni maji ya kupoza kompyuta zinazofundisha programu."

"Mtaa wote wa mama hautumii hivi! Programu haiyaoni?"

"Wakati wa majaribio niliiambia iruke mita yetu," alisema mhandisi. "Nikasahau kuirudisha."

"Umesahau? Mama anabeba ndoo na mgongo ule!"

Akakata simu, na hakupokea tena.

Siku ya nne akapewa karatasi ya kazi: kafunge koki. Akaisoma anwani mara mbili. Ni jengo lile lile.

Mhandisi alimngoja getini, hajanyoa, shati limekunjamana.

"Nimeirudisha mita yetu. Programu ikaagiza tufungiwe sisi wa kwanza."

"Na mabosi?"

"Wamechachamaa. Nimewaambia programu ndogo inatosha, na maji ya kupozea yazungushwe yale yale. Wakitaka, wanifukuze."

Binti akapiga magoti, akakaza spana mpaka tarakimu zikasimama. Mhandisi naye akapiga magoti topeni.

"Nikuoe?"

"Leo? Pengine huna hata kazi!"

Simu ya binti ikaita. "Mwanangu, bomba linatoa maji!" mama alipiga kelele. "Nani kayafungua?"

Binti akamtazama mhandisi, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Ni yule yule aliyeyafunga, mama. Namleta akuombe radhi, kisha akuombe mimi."