Msuko wa Celina

Celina Ntinyari alikuwa amefika nusu ya kusuka kichwa cha mteja wake Cicily, na nusu ya hadithi, mvua ilipowakumba watu wa soko na kuwatawanya kila upande. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, na baraza la saluni yake pale Makutano, mjini Meru, lilijaa kufumba na kufumbua: wauza ndizi, vijana na magunia yao ya viazi, mama mmoja aliyening'iniza kuku wawili kwa miguu. Celina hakuinua macho. Vidole viliendelea kusuka na mdomo uliendelea kusimulia, maana ndivyo alivyofanya kazi tangu afungue saluni hiyo miaka sita nyuma. Kichwa cha rasta ndogo ndogo kilichukua saa nne, na saa nne bila hadithi ni kifungo.

Hadithi ya msimu huo ilihusu siku zijazo. Theluji ya mlimani ilikuwa imekwisha, mito imekauka, na watu waliobaki waliishi ndani ya mji uliozungushiwa ukuta, wakipimiwa maji kwa kikombe na walinzi wenye bunduki. Msichana aliyeitwa Kagendo alikuwa amesikia kwamba juu mlimani kulikuwa bado na chemchemi moja. Alipanga kutoroka na wenzake kumi, pamoja na Nkirote, bibi kizee aliyemlea. Siku hiyo Celina alikuwa amewafikisha langoni. Walinzi walikuwa wamelala, na Kagendo alikuwa na ufunguo mkononi.

Mvua ilikatika, baraza likawa tupu. Mwanamume mmoja peke yake alibaki mlangoni, mrefu, koti lake la kahawia limelowa, vumbi la chaki limeyeyuka na kuwa uji mweupe kwenye mkono wa koti.

"Samahani," alisema. "Huo ufunguo aliupata wapi?"

Wanawake walicheka. Celina alijibu kwamba aliuokota.

"Akiuokota ni bahati tu," mwanamume alisema kwa upole. "Lakini akimwibia mlinzi ambaye ni rafiki yake, hapo hawezi kurudi nyuma tena. Lazima aende."

Mikono ya Celina ilisimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimtazama mgeni kuanzia viatu vyenye matope mpaka macho, naye mgeni alimtazama yeye: aproni ya samawati, hereni za shaba, na nywele zilizokatwa fupi kabisa, jambo lililowashangaza wengi kwa msusi.

"Wewe unataka kusukwa, ama umekuja kunifundisha kazi?"

"Nataka kujua kama lango lilifunguka."

"Basi rudi Jumamosi."

Alirudi. Alirudi Jumamosi ile na iliyofuata, mpaka Cicily, ambaye alikuwa nesi na hakuwa na aibu ya kuuliza, akamhoji mbele ya watu wote. Hivyo ndivyo Celina alivyopata kujua kwamba aliitwa Kivuti, kwamba alifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Kanyakine, kwamba kwao ni Gachoka, huko Mbeere kwenye jua, na kwamba akiwa na miaka thelathini na miwili hakuwa na mke wala mtoto.

Mwezi wa tano Celina alimwonyesha kitu ambacho hakuwa amemwonyesha mtu. Chini ya droo ya nywele za bandia kulikuwa na daftari sita, na ndani ya daftari hizo hadithi yote ya Kagendo kwa kalamu ya bluu. Aliacha shule kidato cha pili, kahawa ya baba yake huko Githongo iliposhindwa kumlipia karo, lakini hakuacha kuandika. Kivuti aliketi kwenye kiti cha wateja, chini ya kikaushio cha nywele, akasoma mpaka chai yake ikapoa.

"Hii ni riwaya," alisema.

"Ni hadithi tu ya kusukia watu."

"Celina, hii ni riwaya. Inahitaji tu kutengenezewa msuko wa matukio."

"Msuko ni kazi yangu mimi, Mwalimu. Huko usiniingilie."

Lakini alimwingilia, naye Celina alifurahia. Kivuti alichora mstari nyuma ya kalenda ya saluni, ukianza chini na kupanda mpaka kilele. Alimweleza kwamba hadithi ya watu wanaotafuta kunusurika haisukumwi na njaa wala bunduki, bali na mahali pa kugeukia, pale mtu anapochagua jambo na uchaguzi huo ukamfungia njia ya nyuma. Celina alimwambia yeye hakuhitaji mstari: mteja akianza kusinzia, anajua amekosea. Hata hivyo, alibadilisha ufunguo. Na ule mwisho wake, ambapo mvua kubwa ilinyesha na kuwaokoa wote, aliufuta mwenyewe baada ya Kivuti kumwuliza mvua ilikuwa imechagua nini.

Simu zilianza. Saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko shuleni, ya Celina ilikuwa ikilia juu ya rafu ya mafuta ya nywele, na wateja wote wakinyamaza ili wasikie.

"Msusi wangu, umeamkaje?"

"Vizuri, mpenzi."

"Na Kagendo?"

"Kagendo ana kiu. Mimi nina kichwa cha mtu mkononi. Sema upesi."

"Sina la kusema. Nilitaka sauti yako tu."

Cicily alisema kwamba dawa ya ugonjwa huo haiko hospitalini kwao.

Jambo moja tu hawakukubaliana, nalo ni sura ya tisa. Hapo watoro walikuwa wamefika kwenye mto uliokauka, walinzi wako nyuma yao, na miguu ya Nkirote imekataa. Katika daftari la Celina, wengine walivuka, lakini Kagendo aligeuka akarudi kumbeba. Kivuti alisema hapana, anayerudi hafiki. Celina alisema huyu wake atafika. Alingoja wabishane kama kawaida yao, lakini Kivuti alivaa koti, akasema amechelewa.

Likizo ya Agosti Kivuti alipiga chapa daftari zote sita kwenye kompyuta ya shule. Akatuma kazi hiyo kwa wachapishaji fulani Nairobi, jina la Celina mbele na nambari yake ya simu chini. Celina alilia kwa furaha, kisha akamnunulia shati.

Simu ya Nairobi ilikuja mwezi wa kumi. Mama mmoja mwenye sauti ya utaratibu alisema yeye ni mhariri, kwamba alikuwa ameusoma mswada mara mbili, na kwamba angependa wakutane. Akaongeza kwamba kilichomgusa moyo zaidi ni sura ya tisa, pale Kagendo anapomwacha yule nyanya na kwenda bila kutazama nyuma.

"Hapo hamwachi," Celina alisema. "Anarudi."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. Mhariri alisoma ukurasa mzima. Ni kweli, Kagendo alimwacha.

Celina alimshukuru, akakata simu, akamwomba mteja radhi na kutoka nje. Alimpigia Kivuti akiwa amesimama kando ya barabara, magari yakimpita.

"Uligusa sura ya tisa."

"Niliirekebisha. Ilikuwa haiwezi kusimama vile, Celina. Nilitaka kukwambia."

"Ungeniambia lini?"

"Nilikuwa nangoja..."

"Umenisahihisha kama daftari la mwanafunzi. Wengine wote hapa wananisikiliza, na hawajui hata nomino ni nini. Wewe uliyesoma ndiye uliyeona kwamba wa kidato cha pili hawezi kuachiwa hadithi yake."

"Mpenzi, si hivyo hata kidogo."

"Usiniite."

Celina hakupokea simu zake kwa wiki tatu. Kivuti alikuja Jumamosi ya kwanza, akaambiwa na Cicily kwamba Celina yuko na wateja. Jumamosi ya pili alimwachia kifurushi chenye nakala yote ya mswada, na barua ya sentensi mbili: alikuwa amewaandikia wachapishaji kwamba sura ya tisa haikuwa ya mwandishi, na alikuwa anaomba msamaha. Jumamosi ya tatu hakuja. Saluni ilikuwa kimya. Celina alisuka bila kusimulia, na wateja wawili walihamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara.

Mwishowe alikifungua kifurushi, akiwa na nia ya kuihesabu kila nukta iliyoguswa. Sura nane za kwanza hazikuguswa kabisa, hata makosa yake ya tahajia yaliachwa, yameonyeshwa tu kwa penseli pembeni, yakimngoja yeye aamue. Kisha akafika sura ya tisa.

Alisoma pole pole. Kagendo alimwacha Nkirote, ndiyo, lakini Kagendo huyu alikuwa na mtoto mgongoni. Katika daftari hakukuwa na mtoto. Mtoto huyo alikuwa wa miaka mitano, mkubwa mno kubebwa, miguu yake ikigonga mapaja ya mbebaji kila hatua. Alinusa kitambaa kilichokuwa na harufu ya moshi. Akauliza, mara mbili, nyanya atakunywa nini. Hakuna aliyemjibu, akahesabu miti mpaka akalala.

Celina alikuwa msimulizi tangu utotoni, na alijua mambo ya kubuni yanavyokaa na mambo yaliyotokea yanavyokaa. Hakuna mtu anayebuni miguu ya mtoto ikigonga mapaja. Alifunga saluni mchana kweupe, akavaa gauni lake la kijani na viatu vya chini, akaenda Kanyakine.

Alimkuta Kivuti nyuma ya bweni, akimwagilia sukuma wiki za walimu. Alikuwa amekonda. Aliweka mtungi chini, hakujua mikono aipeleke wapi.

"Yule mtoto ni nani?" Celina aliuliza.

Kivuti alitazama miguu yake. Kisha akasema. Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa Mbeere misimu miwili. Baba yake alikuwa Mwea akitafuta kibarua. Siku moja mama yake, Wambeti, alimfunga mgongoni, akatembea naye mpaka Embu, na nyumbani walimwacha nyanya yake, mama mzazi wa baba, aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Hawakumkuta hai tena. Alichokumbuka vizuri ni mlango wa nyumba ya nyanya, umefungwa, wao wakiupa mgongo.

"Kagendo wako anarudi," alisema. "Kila niliposoma, nilimwona mama yangu, ambaye hakurudi. Ningeacha sura ile isimame, ingekuwa kama nimemhukumu. Sikukudharau, Celina. Wallahi sikukudharau. Nilikuwa namtetea mama."

Celina alimkaribia akamshika kola ya shati, lile alilomnunulia yeye.

"Ungeniambia, mpumbavu wangu."

"Sijawahi kumwambia mtu."

"Na mama mwenyewe? Ulishamwuliza?"

Hakuwa amemwuliza hata siku moja.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walikuwa Gachoka. Wambeti aliwapokea uani akiwa bado na kitambaa cha kanisani kichwani, mwanamke mwembamba aliyenyooka, akipepeta ndengu. Alimpokea Celina kama mtu aliyekuwa akimngoja, akamwuliza habari za kwao na kahawa ya Githongo, akawapa uji wa mtama. Alizungumza Kimbeere pole pole, na Celina, kwa Kimeru chake, alimfuata bila shida. Kivuti alizungusha maneno mpaka uji ukaisha. Ndipo Celina akamkanyaga mguu kidogo.

"Mama," Kivuti alisema, "ule mwaka wa njaa. Mbona ulimfungia nyanya mlango?"

Ungo ulisimama. Wambeti alimtazama mwanawe kana kwamba amezungumza lugha ya watu wengine.

"Nani alikwambia nilimfungia?"

"Niliona umefungwa."

"Ulifungwa kwa ndani," Wambeti alisema. "Nilikuwa nimekataa kuondoka. Siku tatu nilikataa. Asubuhi ile akaniambia nikutoe nje ukaote jua, na nilipokutoa, akatia komeo. Nilipiga mlango mpaka mikono ikavimba. Akaniambia kutoka huko ndani, 'Nikiufungua utakaa, na ukikaa nitawapoteza nyote wawili.' Akaniambia, beba mtoto, jua linapanda." Aliirudia kazi yake, vidole vikitafuta mawe kati ya ndengu. "Nilirudi siku ya sita na unga. Majirani walikuwa wamekwisha kumzika."

Kivuti aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti ya mama yake, na yule mama, bila kuacha ungo, akamwekea mkono mmoja kisogoni.

Baadaye, akiwasindikiza, alimvuta Celina kando.

"Ananiambia wewe unaandika vitabu."

"Kimoja, Mama. Hakijaisha."

"Ukitaka kuliandika hilo, liandike. Lakini usiseme kwamba nililia. Sikulia mpaka nilipofika Embu."

Walitembea kuelekea barabarani, Kivuti amebeba kilo mbili za ndengu walizopewa. Vumbi lilikuwa jekundu na jua lilikuwa kali.

"Miaka ishirini na saba," Kivuti alisema. "Ningeuliza siku moja tu."

"Umeuliza leo."

Kivuti alipangusa macho kwa mkono wa koti. Celina alimwambia kwamba sasa anaijua sura ya tisa. Kagendo hamwachi mtu wala hageuki kumbeba mtu. Nkirote ndiye anayechagua, na Kagendo ndiye atakayeishi na uchaguzi huo mpaka mwisho wa kitabu.

"Hilo litakulazimu kuandika upya sura zote zinazofuata," Kivuti alisema.

"Nitaandika. Wewe utapiga chapa, na hutagusa hata nukta."

"Hata nukta."

Walifika kituoni. Watu waliotoka kanisani walikuwa wamejaa chini ya vibanda, wakinywa soda na kuwatazama wageni. Kivuti aliweka ndengu chini, akasafisha koo kama anayeanza kipindi.

"Celina, nikileta wazee wetu Githongo mwezi wa kumi na mbili, watapokewa?"

"Nani atasemea upande wenu?"

"Mama anataka kuja mwenyewe. Ameniambia sasa hivi."

Celina alifikiri, au alijifanya anafikiri.

"Wasije Jumamosi," alisema. "Jumamosi za Desemba nina vichwa kumi na tano."

"Jumanne?"

"Jumanne ni sawa," Celina alisema, akamshika mkono mbele ya watu wote wa Gachoka.