Upande wa Pili wa Karatasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Macho alimtungia mama yake uzi kwenye cherehani, kisha kwenye sindano mbili tatu za mkono. Mama alikuwa fundi nguo, lakini siku hizi kitu kilicho karibu hakukiona vizuri. Alikuwa akiahirisha kununua miwani kila mwezi, maana alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili mwenye macho makali. Ndiyo sababu akampa jina hilo la utani. "Macho yangu, njoo kabla hujanikimbia," humwita, na Macho hulamba ncha ya uzi na kuupenyeza tunduni mara moja.

Zamani mama alikuwa mnene sana. Daktari alipomwonya kuhusu shinikizo la damu, alianza kutembea kwa miguu na kupunguza chakula, akakazana miaka miwili mizima. Mwili ulipungua, ila ngozi ya mikono ilikataa kuufuata. Ilining'inia kutoka kwapani hadi kiwikoni. Mwenyewe hakujali. "Hii ndiyo medali yangu," alisema huku akiitikisa na kucheka.

Waliojali ni wanafunzi wenzake Macho. Siku moja mama alimpungia Macho mkono kwenye lango la shule, na mmoja akapaza sauti, "Tazameni, popo anataka kuruka!" Wote wakavunjika mbavu. Macho naye alicheka. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulisahau kamwe.

Tangu hapo alitembea hatua kumi mbele ya mama yake. Siku ya wazazi ilipokaribia, alileta karatasi aliyopewa kwenye kliniki moja ya upasuaji. "Mama, hawa wanaondoa ngozi inayoning'inia. Tazama picha."

Mama alikuwa ameshaziona zile hatua kumi. "Unanionea aibu, mwanangu?"

Macho akatazama sakafu.

"Haya, nisomee. Yote."

Macho alisoma bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa, akasoma na sifa za mikono iliyonyooka. Alipogeuza karatasi alikuta maandishi madogo yamejaa tele. Aliyapitia kimyakimya. Mama akiyasikia haya, atakataa hapo hapo.

"Ni hayo tu?" mama aliuliza.

"Ni hayo tu, mama."

Basi mama akauza mashine yake ya pili, ile ya kumalizia pindo, iliyokuwa ikimletea kazi ya sare za shule. Fedha zake akazipeleka kliniki, zikawa malipo ya kwanza. Akapimwa damu, akapangiwa siku. Siku hiyo ilipofika, walikwenda wote wawili, na muuguzi akawaketisha.

"Mama, bei ile ni ya daktari peke yake," alisema. "Dawa ya usingizi ina malipo yake. Kitanda, dawa na nguo ya kubana mikono, vyote vinalipiwa mbali. Utabaki na kovu refu kila mkono. Na kwa wiki sita hivi hutabeba kitu kizito wala kuinua mikono juu."

"Na cherehani je?"

"Wiki za mwanzo, sahau kabisa. Kuna wa kukushikia kazi?"

"Hakuna. Kazi ni mikono hii hii."

Muuguzi alishusha pumzi. "Lakini mama, yote haya tumeyaandika. Yako nyuma ya karatasi."

Mama aligeuka taratibu akamtazama binti yake. Hakumfokea. Macho alitamani sana afokewe.

Mama aliahirisha upasuaji bila kutaja siku nyingine. Kliniki ilirudisha nusu ya malipo. Mashine ilikuwa imeshachukuliwa na fundi mwingine, na pale iliposimama palibaki alama nne sakafuni. Walipofika nyumbani, mama alimpa Macho ile karatasi. "Sasa soma upande wa pili."

Macho alisoma mpaka mstari wa mwisho, machozi yakimtiririka.

"Umesikia?" mama alisema. "Gharama si ile namba kubwa peke yake. Ni kila kitu utakachotoa: fedha, maumivu, makovu, wiki sita bila kazi. Huenda ningekubali, huenda ningekataa. Lakini ungeniacha nichague mwenyewe. Mtu akikuamini umsomee, msomee yote, hata usiyoyataka."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Mashine ndiyo haitarudi."

Siku ya wazazi mama alivaa gauni la mikono mifupi. Macho aliingia naye langoni bega kwa bega. Mtu aliponong'ona lile neno la popo, alimgeukia. "Ni mama yangu," alisema, na safari hii hakucheka.

Kesho yake asubuhi alinyoosha mkono kuuchukua uzi kama kawaida. Mama alikuwa amevaa miwani mipya, aliyoinunua kwa fedha zilizorudishwa. Aliutunga uzi mwenyewe: akakosa tundu mara ya kwanza, akakosa mara ya pili, na ya tatu uzi ukapita.

"Nenda shule, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Utachelewa."