Kigingi cha Mstari wa Zamani

Kila likizo shangazi yangu hunipa kazi ile ile: kukaa kimya. Yeye ni mtembezaji wa wageni katika uwanja mkubwa wa michezo wa jiji letu. Asubuhi huwaonyesha vyumba vya wachezaji, jukwaa kuu na nyasi zenyewe, kisha huwapeleka bustani ya jirani wakapige makasia ziwani. Mimi hufuata nyuma nimebeba chupa za maji, kwa heshima zote anazopewa punda.

Jumamosi moja shangazi aliamka hana sauti. Ilikuwa imemkauka kwa kushangilia mechi ya jana yake. Akaniandikia kwenye karatasi ya maelezo yake: "Leo utasema wewe. Soma yaliyoandikwa tu. Usilolijua, sema hujui." Kisha akatangulia bustanini kupanga mashua.

Maneno mawili ya mwisho yalinichoma. Bwenini kwetu, na sasa hata uwanjani, naitwa Profesa, na cheo hicho sikukipata kwa kujua. Nilikipata kwa kutoacha nafasi tupu. Mwalimu wetu wa historia hutuambia kabla ya kila mtihani, "Andikeni chochote. Karatasi tupu haina mtetezi." Mimi ni mwanafunzi mtiifu. Niliwahi kujaza ukurasa mzima kuhusu vita ambavyo havikupiganwa, nikapata alama mbili za mwandiko.

Wageni walikuwa saba, na karatasi ya shangazi iliisha kabla ya maswali yao.

"Mbona benchi hili limepinda?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia tulipokuwa chumba cha kubadilishia nguo.

"Kipa mmoja mnene alilirukia siku waliyotwaa kombe," nilimjibu bila kupepesa.

Wakacheka. Basi nikaona nina kipaji. Kufikia mlango wa kuingilia uwanjani, kipa huyo alikuwa ameshavunja na bomba la maji.

Hapo ndipo bibi mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliponisogelea. Alitoa mkobani kitambaa cheupe kilichofifia, chenye namba 41.

"Mjukuu wangu, zamani hapa palikuwa na mbio za miguu. Mstari wa kumalizia ulikuwa wapi?"

Karatasi haikuwa na neno. Nikanyoosha mkono hadi kwenye kibendera cha kona, kwa sababu kilikuwa karibu.

"Pale, Bibi. Penyewe kabisa."

Alikwenda polepole, akatandaza kitambaa nyasini, akapiga goti. "Babu yenu alikimbia hapa," alisema. "Alikuwa wa mwisho. Watu walishaondoka, waamuzi wakaondoka. Nilibaki mimi peke yangu jukwaani, simjui hata jina, nikampigia makofi. Amefariki mwaka huu. Nilimwahidi kuwa nitarudi kukanyaga pale alipomalizia."

Machozi yalimtoka. Alinipa simu yake nimpige picha, nikampiga. Mikono ilikuwa yangu, lakini nilitamani iwe ya mtu mwingine.

Niliwafikisha wageni bustanini, wakaingia kwenye mashua. Bibi alibaki kwenye benchi akiitazama ile picha. Nikarudi mbio uwanjani kumtafuta mchora mistari, tunayemwita Mzee Chokaa kwa kuwa nyusi zake ni nyeupe kwa chokaa, si kwa umri. Nilimkuta akivuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi ili anyooshe mstari wa pembeni.

"Mzee, mstari wa kumalizia mbio ulikuwa kwenye kona ile?" niliuliza, nikiomba muujiza.

"Nani kasema? Ulikuwa upande wa pili, nyuma ya goli. Kigingi chake kipo, sikuking'oa. Kwani vipi, Profesa?"

"Nimemlisha bibi wa watu uongo."

Aliitazama saa yake. "Basi lao linaondoka saa sita. Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi. Mguu unao, mdomo unao. Kimbia."

Nilikimbia, na kila hatua nilitunga maelezo mapya: kwamba upepo ulihamisha mstari, kwamba jua lilinipiga. Nilipofika, wageni walikuwa wakishuka kwenye mashua, na shangazi alikuwa akikunja majaketi ya kuelea. Maelezo yote yakayeyuka.

"Bibi, pale nilipokuonyesha si penyewe. Sikujua, nikabuni. Naomba unisamehe."

Mzee mwenye kofia akakohoa. "Na kipa mnene je?"

"Hayupo, mzee. Hata mwembamba hayupo."

Bibi aliitazama picha tena. "Kwa hiyo nimelilia kibendera cha kona?"

"Ndiyo, Bibi. Lakini penyewe papo, na anayepajua yupo. Twende nikupeleke."

Shangazi hakuweza kunifokea, ila macho yake yalifoka kwa niaba ya sauti. Kisha akamwendea dereva wa basi, akamshika mkono wa shati, akamwonyesha vidole kumi, mara mbili. Dereva akazima injini.

Mzee Chokaa alitungojea nyuma ya goli akiwa na fimbo ya chuma. Alichoma nyasi hapa, akachoma pale. Mara ya tano chuma kikagonga chuma. Akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole, na kichwa cha kigingi chenye kutu kikatokeza.

"Huu hapa, mama," alisema. "Kila mstari una kigingi chake."

Bibi hakulia. Alijifunga kile kitambaa kifuani, akarudi nyuma hatua ishirini.

"Wewe," aliniambia, "panda jukwaani. Ukae peke yako."

Nikapanda. Viti elfu kadhaa, na mimi mmoja. Bibi akaja taratibu, mkono mmoja kiunoni, hadi akakanyaga kigingi. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Niliposhuka, alinishika bega. "Siku ile mume wangu angeweza kukatiza nyasini. Hakuna aliyekuwa akimtazama, hata mimi hakujua nipo. Akazunguka duara zima. Ndiyo maana nilimpenda. Mjukuu wangu, uongo ni kukatiza. Unafika haraka, lakini hukufika. Leo umechelewa, ila umezunguka."

Tulirudi kwenye basi. Mzee mwenye kofia alichungulia dirishani, macho yakimcheka.

"Profesa, hilo ziwa lina kina gani?"

Jibu zuri sana lilinijia, lenye mamba ndani yake. Nikalimeza.

"Sijui, mzee. Ngoja nikaulize."

Shangazi alikuwa nyuma yangu. Kwa sauti iliyobaki, nyembamba kama uzi, akasema neno lake la kwanza siku ile: "Haya."