Mgeni Aliyekaribishwa Mwambani

Mogesi alipiga bamba la chuma mara moja. Mwamba ukagonga mara mbili.

Regina, mtaalamu aliyeletwa na kampuni, alikunja uso mbele ya kompyuta. Walikuwa katika kijiji cha Matongo wakijaribu kama mtikisiko wa nyundo unaweza kupenya mwamba wa volkano na kuonyesha kilichoko chini. Vinasa-mtikisiko vilichomekwa ardhini kwa mstari, kutoka kilimani hadi karibu na boma la Mogesi mwenyewe.

"Mwamba huu unasumbua," alisema Regina. "Hebu piga tena."

Akapiga. Kimya. Kisha kutoka chini: ko, ko, ko. Taratibu, kama mtu aliye mlangoni.

Mogesi, ambaye mdomo wake haujui likizo, akacheka. "Karibu, mgeni! Pita ndani!"

Vibarua wenzake wote wakacheka. Masikini, laiti angenyamaza.

Tangu siku hiyo nyumba yake ilinuka jiwe lililoungua. Mchana kweupe mkewe, Neema, alisikia kitu kikigonga chini ya kitanda, na kila kilipogonga, mtoto wao mchanga, Precious, aliachia ziwa, akageuza shingo kuelekea sakafuni na kutulia akisikiliza, hata akawa hanyonyi kabisa, midomo ikakauka, utosi ukabonyea, na zahanati wakasema hawauoni ugonjwa.

"Mura, kijana wangu, ulimkaribisha mwenyewe," alinong'ona mganga, mzee Simioni, akikataa kuketi. "Mgeni uliyemwita hafukuzwi. Msindikize mpaka pale ulipomwitia, umuage, urudi. Usigeuke nyuma."

"Na akikataa, mzee?"

"Msindikize, nimesema."

Regina hakuamini majini, lakini alikuwa amemwona yule mtoto. Akasimamisha kazi, mashine akaiacha ikinasa.

Mogesi alitoka kwake akafuata mstari wa vinasa, jua likiwaka, na nyuma yake kitu kizito kikikanyaga pale pale alipoinua mguu, kikihema harufu ya jiwe lililoungua kisogoni mwake, mpaka akafika kwenye bamba, akasema kwa sauti iliyokauka, "Nenda salama, mgeni wangu," na nyayo zikanyamaza.

Akashuka kurudi nyumbani, karibu akimbie. Simu ya Regina, aliyebaki kilimani, ikaita.

"Dada, ananyonya!" Neema alikuwa akilia kwa furaha. Nyuma ya sauti yake mtoto alisikika akimeza kwa pupa. Regina naye akatokwa machozi.

Kisha akatazama kompyuta.

Kule chini alimwona Mogesi peke yake, tayari amekaribia uani. Kwenye mashine walikuwa wakitembea wawili. Nyayo nyepesi, na ubavuni mwake zile nzito. Regina akakumbuka desturi ya nyumbani kwao: mgeni mwenye adabu, ukimsindikiza, naye hukusindikiza.

"Neema! Funga mlango! Usimjibu mtu!"

"Sikusikii vizuri, dada. Mume wangu huyo, amefika."

Ko, ko, ko.

"Karibu!" Neema aliitikia kwa furaha. "Pita ndani!"

Regina alibana simu sikioni. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya.