Mume Mbaya kwa Kifaransa

"Amesema nini?" Delyth aliuliza, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Nadhani jiko limefungwa," alijibu mumewe, Emrys, akitoka kwa mama mwenye mgahawa.

"Jana pia tulikuta jiko limefungwa. Juzi tukala biskuti kituo cha mafuta."

Ilikuwa siku ya sita tangu watoke kwao Swansea, wawili juu ya pikipiki moja, na sasa walikuwa katika kijiji cha milimani Ufaransa, ambako ikipita saa nane mchana husikii harufu ya chakula mpaka jioni. Kifaransa chao hata ukikijumlisha hakikufika maneno thelathini. Siku ya tatu Emrys alijitia ujuzi akaagiza soseji. Ikaja ya utumbo, inanuka mpaka meza ya jirani. Delyth alikula mkate mtupu.

"Kuna mji mbele, kilomita arobaini tu."

"Nenda wewe." Delyth aliketi kwenye ngazi ya mgahawa. "Mgongo wangu umekufa. Nikikuomba usimame, unaongeza mwendo. Ndivyo ulivyo miaka ishirini na sita."

Emrys alikuwa na simu ya mkewe mkononi, akitafuta tafsiri. Ujumbe ukaingia:

*Chumba kiko tayari. Funguo uje uchukue tarehe mosi. Utakaa peke yako, sivyo?*

Aliusoma mara mbili.

"Delyth, chumba cha nani hiki?"

"Changu."

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Tukifika nyumbani. Sikutaka kukuharibia safari."

Emrys alimrudishia simu, akaingia tena ndani. Mlango ulikuwa wazi; Delyth alimsikia akihangaika na yule mama mwenye mgahawa, kwa Kifaransa cha kuokoteza:

"Mama, samahani. Mke wangu choka. Njaa. Siku sita. Mimi mume mbaya. Yeye mzuri sana. Mimi ogopa yeye kwenda. Yai? Tafadhali."

Delyth alielewa kila neno. Hayo ndiyo maneno machache aliyoyajua na yeye.

Yule mama akavaa aproni yake. Delyth akaingia, na haukupita muda mama akaleta kimanda, jibini na mkate. Walikula hadi sahani zikawa nyeupe.

"Hujawahi kuniambia hayo," Delyth alisema.

"Kwa Kifaransa sina maneno ya kuzungukia."

"Yaseme kwa lugha yetu."

Emrys aliweka uma chini.

"Nimekuchosha, na nilikuwa naliona hilo. Naogopa utaondoka."

Delyth alijifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Akachukua simu, akaandika ujumbe: *Samahani, chumba mpe mtu mwingine.* Akamwonyesha mumewe, ndipo akautuma.

"Usifurahi mapema," alisema. "Sijakusamehe, nimeshiba tu. Kamuulize huyo mama kama ana kitanda. Leo siendi popote."

"Kitanda kwa Kifaransa sikijui."

"Hata mimi." Delyth alijikokota akasimama, akamshika mkono. "Twende wote, tutamwonyesha kwa mikono."