Pikipiki Iliyotazama Kasoli

Haya yalitokea kwenye nyumba niliyopanga mimi mwenyewe, Somanda, hapa Bariadi. Mwenye nyumba bado yupo na duka lake la vitenge liko palepale, ingawa siku hizi anauza akiwa ameinamisha uso. Anaitwa Mudathiri.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimetoka zamu hospitali, nafua sare zangu uani. Yasmini, mke wa Mudathiri, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mudathiri akafungua stoo, akaisukuma nje pikipiki ya marehemu baba yake, Mzee Nuruddin, ambaye arobaini yake ilikuwa imesomwa wiki moja tu kabla.

Ilikuwa ya zamani kweli. Tangi la mviringo, chuma kitupu, taa kubwa ya duara mbele. Mzee aliipanda miaka na miaka akipeleka vitambaa minadani.

"Hii naifufua," Mudathiri alisema. "Nitaipanda mwenyewe."

Mlango wa chumba cha uani ukafunguka, akatoka Mama Kwandu. Huyu ndiye mjane wa mzee, Msukuma wa kijiji cha Kasoli. Alimlea Mudathiri tangu anatambaa, baada ya mama yake mzazi kufariki. Akaisogelea pikipiki, akalifuta tangi kwa ncha ya kanga, polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

"Mama mdogo, acha, utaichubua," Mudathiri alimwambia.

Hakuacha. Na kila asubuhi baada ya hapo nilimkuta akiifuta.

Fundi Wilbroad alikuja mchana. Injini iliwaka bila ubishi, ikanguruma vizuri. Tatizo lilikuwa chaji.

"Injini ikizunguka inatakiwa itengeneze umeme, uende ukajaze betri," alinieleza nilipomsogelea kwa umbea wangu. "Hii haijazi."

Akabadilisha koili inayozalisha umeme. Akabadilisha rektifaya inayoupeleka kwenye betri. Akavuta waya mpya, akafunga betri mpya. Kesho yake betri imekufa kabisa. Akarudi na mita yake, akachuchumaa pale muda mrefu mpaka jasho likamdondoka puani.

"Umeme unazalishwa," alisema. "Naupima hapa, upo. Nikifika kwenye betri, haupo."

"Sasa unaenda wapi?" Mudathiri aliuliza.

Wilbroad aliufuata waya kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuwa umekatika popote.

Siku moja baada ya adhuhuri nilikuwa barazani nachambua mchicha. Betri ilikuwa imefunguliwa na kupelekwa kwa Wilbroad. Pikipiki ilikuwa stoo, mlango umefungwa. Nikaona mwanga kwenye nyufa za mbao. Mweupe. Nikamwita Yasmini kwa mkono, tukachungulia.

Taa ya pikipiki ilikuwa inawaka.

Injini kimya. Betri haipo. Ufunguo ulikuwa sebuleni, kwenye msumari, tulikuwa tumeuona wote. Yasmini akanishika mkono. Ndipo usukani ukaanza kugeuka, taratibu, bila mtu, mpaka mwanga ukatutazama machoni.

Tulikimbia. Mudathiri aliporudi, Yasmini alimsimulia. Nilimwangalia mume wake usoni. Sikuona hofu. Niliona mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Jioni hiyohiyo, watu wakiwa wanatoka msikitini, Mudathiri alisimama mbele ya chumba cha uani na kupaza sauti.

"Huyu mama anaichezea pikipiki ya baba! Kila asubuhi anaishika. Ni mchawi! Atoke kwangu!"

Wapita njia wakasimama. Nikamfuata. "Mudathiri! Neno hilo huku linaua watu. Wewe unajua."

Hakunitazama.

Mama Kwandu alikuwa mlangoni, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya jikoni. "Mwanangu," alisema. "Mimi?"

Alifunga nguo zake kwenye kanga, akapanda bodaboda kwenda Kasoli, kwa kaka yake Mwandu. Dereva aliyembeba alikuwa amesikia kila kitu.

Asubuhi, Yasmini aliniita kwa ishara. Chumba cha Mama Kwandu kilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na marobota ya vitenge, yamepangwa hadi dirishani. Mudathiri alikuwa ameyahamishia humo usiku uleule. Yasmini alijiziba mdomo kwa mtandio, akatazama chini, na mimi nikatazama pembeni. Ile aibu ilitosha nyumba nzima.

Na betri, ambayo Wilbroad alikuwa ameirudisha jana yake jioni, ilikuwa imekufa tena.

Wilbroad alikuja alasiri. Akaiwasha pikipiki ikiwa imetazama ukuta, akaweka mita. Mshale umelala. Jua likamchoma, akaigeuza kuelekea geti apate kivuli.

Mshale ukapanda.

Akaigeuza ukutani. Ukalala. Akaigeuza getini. Ukapanda. Alirudia, na tena.

"Huko mbele kuna nini?" alinong'ona.

Nje ya geti ilikuwa barabara ya kwenda Kasoli.

Honi ikalia. Mara moja. Mudathiri alikuwa amesimama mbali, Wilbroad ameshika mita kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nimeegemea nguzo ya baraza.

Mudathiri alipanda pikipiki akiwa amepauka midomo. "Twendeni Kasoli," alisema. "Msiniache peke yangu."

Nilipanda nyuma ya Wilbroad kwenye pikipiki yake, tukamfuata. Tulipofika nje ya mji Wilbroad alininong'oneza nitazame tairi la nyuma la Mudathiri. Lilikuwa limebonyea. Limebonyea kama limebeba mtu mzima, mzito. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Tukapita watoto wanachunga ng'ombe. Wakasimama kwa adabu. "Mwadila, guku!" wakaamkia.

Nimekaa huku vya kutosha kujua guku ni babu. Mudathiri hajafika miaka arobaini. Na watoto hawakuwa wanamtazama yeye. Walitazama nyuma yake.

Tulifika Kasoli jua likizama. Uwanja wa nyumba ya Mwandu ulikuwa umejaa watu. Neno lilikuwa limefika kabla yetu, na asubuhi hiyo ndama wa jirani alikuwa amekufa. Mama Kwandu alikuwa ameketi chini, kilemba kimevuliwa, mvi zake wazi mbele ya wanaume. Vijana wamemzunguka na fimbo. Mwandu, naye mzee, alikuwa amesimama mbele ya dada yake ametanua mikono. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Huyu hapa!" dereva wa bodaboda alipiga kelele. "Si wewe ulisema ni mchawi? Waambie!"

Wote wakageuka. Mudathiri akafungua mdomo. Akaufunga. Akazitazama fimbo. Halafu nikamwona akipiga kiki.

Alitaka kuondoka.

Injini kimya. Akapiga tena. Kimya. Akachomoa ufunguo, akashuka, akarudi nyuma hatua kadhaa kama mtu anayetafuta njia ya kupita kati ya watu.

Taa ikawaka.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Mwanga ulimwangukia Mama Kwandu usoni. Kisha usukani ukageuka, polepole. Ukamfikia Mudathiri. Akasogea kulia. Taa ikamfuata. Akasogea kushoto. Ikamfuata. Vijana wakaanza kurudi nyuma.

Mudathiri alianguka magoti.

"Nilisema uongo," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema wakusikie," Mwandu alimwambia.

"Nilisema uongo! Sikumwona akifanya lolote. Nilikuwa... nilikuwa nakitaka chumba chake. Niweke mzigo wa duka." Alikuwa analia, kamasi zinamtiririka, mwanaume na heshima zake. "Amenilea huyu. Chumba tu. Nilitaka chumba."

Taa ikazimika.

Fimbo zilishuka moja moja. Watu wakaanza kuondoka bila kuangaliana. Hakuna aliyemwomba radhi yule mama. Mwandu aliokota kilemba, akakikung'uta vumbi, akamfunga dada yake kichwani.

Mudathiri alimsogelea kwa magoti. "Mama, nisamehe. Rudi nyumbani."

Mama Kwandu aliwatazama majirani zake wakiishia gizani, mmoja mmoja, watu aliokua nao.

"Nitarudi," alisema. "Si kwamba nimekusamehe. Hapa sitalala tena. Huku nilikozaliwa, umenifungia mlango."

Mudathiri aliinuka, akaiendea pikipiki.

Pikipiki iliwaka kwa kiki moja. Mama Kwandu alikaa nyuma upande, amekumbatia furushi lake kwa mikono yote miwili, akijitenga asimguse. Nilikuwa nyuma yao njia nzima nikiwatazama. Hakumgusa hata kwenye mashimo.

Marobota yalitoka chumbani usiku huohuo. Asubuhi Wilbroad alipima chaji. Ikitazama ukuta, inachaji. Ikitazama geti, inachaji. "Sijagusa kitu," alisema, akafungasha vifaa vyake. Hajarudi kwenye nyumba ile.

Mama Kwandu yupo. Mudathiri humwamkia kila siku mlangoni, huitikiwa, na mazungumzo huishia hapo. Kisha anakwenda dukani.

Kilichobaki ni shati lake jeupe alilovaa siku ile ya Kasoli. Yasmini alilifua siku ya pili. Begani, upande wa kulia, kulikuwa na alama ya kiganja. Kiganja kipana cha mwanaume, vidole vimekunjika kuelekea mbele, kama vya mtu anayemshikilia dereva. Akalifua tena. Akaliloweka, akalisugua. Alama haikutoka, akalianika.

Nilikuwa nachota maji aliponiita. Hakupaza sauti.

"Dada Hilaria, hebu shika hapa."

Nikashika. Shati lote lilikuwa limelowa, linachuruzika maji. Pale begani palikuwa pakavu. Na pa moto.