Shafti Iliyojibu

Jua lilikuwa linazama Matar aliposimamisha gari nje ya ghala la vipuri, eneo la viwanda la Sharjah. Ijumaa angeshindana kupanda vilima vya mchanga vya Liwa. Shafti yake ya chuma, ile inayopeleka nguvu toka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, ilikuwa nzito mno. Alitaka nyepesi.

"Chukua alumini, yatosha," fundi wake, Dhaen, alimwambia mchana. "Kaboni ndiyo aliyofunga kaka yako."

Kaka yake, Hareb, alipindukiwa na gari mchangani mwaka uliopita, akafa. Shafti yake haikuonekana tena.

Lakini hakuna nyepesi kama kaboni. Matar akaingia.

Ndani kulikuwa na kiza, na harufu... ya nywele zilizoungua. Nyuma ya meza alikaa mzee aliyejifunika kilemba hadi machoni.

"Nataka shafti..."

"Najua."

Akaweka mbili mezani. Moja ya alumini, inang'aa. Ya pili nyeusi, ya nyuzi za kaboni zilizosukwa. Matar akainyanyua ile nyeusi. Nyepesi kama ufagio. Ila ilikuwa na joto, kama mkono wa mtu.

"Igonge," mzee alinong'ona. "Usikilize kama ina ufa."

Akaigonga kwa ufunguo. Ko. Ko.

Kimya.

Kisha, kutoka ndani ya bomba...

Ko. Ko.

Matar akaisogeza mbali na uso. "Nini hicho?"

"Alumini haina neno. Hii inajibu. Ichukue bure. Nitajie tu jina la mama yako."

Mdomo wa Matar ukaanza kufunguka wenyewe. Jina lilishafika ulimini... Ndipo sauti ikatoka ndani ya shafti, kavu, kama ya mtu aliyejaa mchanga kooni.

"Matar... usimtaje mama. Mimi nilimtaja."

Ilikuwa sauti ya Hareb.

Akaiachia, akatimua mbio.

Asubuhi Dhaen alimfungia shafti ya alumini kutoka karakana yake. Matar alikuwa hajalala.

"Nimemwacha mle ndani, Dhaen."

"Nani?"

"Kaka."

Dhaen hakucheka. Adhuhuri wakarudi ghalani pamoja. Mezani alikuwapo mwanamke wa makamo, mwenye duka. Matar akamwulizia yule mzee.

"Mzee gani? Nauza peke yangu hapa, na jana sikufungua," alisema. "Shafti nyeusi nimeikuta leo sakafuni. Kijana wa Fujairah kaichukua asubuhi nilipofungua tu, eti kaiagiza kwa mzee anayeuza hapa. Namba yake hii."

Matar akapiga.

"Ndugu yangu, usiifunge hiyo shafti!"

Kijana akacheka. "Unaogopa kushindwa Ijumaa? Iko chini ya gari tayari."

"Yule mzee... ulimtajia jina la mama yako?"

Kicheko kikakatika.

"Umejuaje?"

Matar akaibana simu sikioni. Upande wa pili kijana alikuwa akihema. Aliposema tena, alinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa.

"Hebu niambie... Hareb ni nani? Tangu niwashe gari, yumo ndani ya shafti, ananiomba nimfungulie."